Mourine Wawili Saa Mbili na Nusu

Mtaa wa Mukuru kwa Reuben huamka mapema. Saa kumi na moja alfajiri milango ya mabati inaanza kugongana. Maji yanamwagwa. Redio zinaimba. Halafu watu wanatoka, mamia kwa mamia, wanatembea kwa miguu kuelekea viwandani. Hakuna anayetembea polepole. Ukichelewa geti linafungwa, na mtu mwingine anachukua nafasi yako.

Mourine alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa mama wa miaka thelathini na miwili. Kazi yake ilikuwa kufunga biskuti katika pakiti. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko mikono yote ya laini yake, safu ya wanawake kando ya mkanda unaoleta biskuti. Wenzake walipenda kumtania.

"Mourine, punguza mwendo! Hizo biskuti zinaogopa!"

Kwa miezi minane hakukosa kazi hata siku moja.

Mume wake, Patrobas, alifanya kazi ya mjengo, kujenga majumba. Alikuwa na sauti kubwa na majibu ya haraka. Walikuwa na binti mmoja, Triza. Dada yake Patrobas, Khavere, aliishi nao akitafuta kazi.

Msimamizi wa laini ya Mourine aliitwa Makau. Makau hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na sheria moja ngumu. Mfanyakazi akiugua, aje getini mwenyewe. Makau amwone kwa macho yake. Asipokuja, amejifuta kazi.

Wafanyakazi nao walikuwa na mbinu yao. Kila mmoja alikuwa na kadi ya geti. Kadi ilikuwa na jina na namba, lakini haikuwa na picha. Basi ukiugua, unampa dada yako au jirani yako kadi. Anavaa kofia na kufunika mdomo kama wote, anaingia kwa jina lako. Anafanya kazi yako. Jioni anakurudishia kadi. Waliita jambo hilo kushikiwa kadi. Wote walilijua, na wote walinyamaza.

Jumanne moja Mourine aliamka akiwa hoi. Alikuwa ametapika na kuhara. Alijaribu kuvaa viatu, akashindwa.

"Siendi," alisema. "Nitamwandikia Makau."

"Makau?" Patrobas alicheka. "Yule hasomi meseji. Yule anasoma sura."

Mourine aliandika hata hivyo. Ilikuwa saa kumi na moja na robo.

"Habari Bwana Makau. Ni Mourine, kadi namba 118. Ninatapika na kuhara. Siwezi kuja leo. Ninaenda kliniki."

Jibu lilikuja upesi.

"Ugonjwa hautumwi kwa simu. Njoo getini nikuone."

Patrobas alilisoma kwa sauti, kisha akatikisa kichwa.

"Unaona? Sasa utafanya nini? Utatambaa mpaka huko?"

"Hata nikitambaa, Baba Triza, mimi nafunga chakula. Nitashikaje biskuti za watoto wa watu nikiwa hivi?"

"Kwa hivyo unataka kazi iende? Miezi minane, iende kwa sababu ya tumbo?" Patrobas aligeuka. "Khavere! Vaa viatu. Leo wewe ni Mourine."

Khavere alitoa macho. "Mimi? Sijawahi kuingia kiwandani!"

"Ni biskuti tu. Zinakuja, unashika, unafunga. Hata mimi ningefanya, isipokuwa nina ndevu."

Mourine alitaka kukataa. Lakini tumbo lilimkata tena, akainama juu ya beseni. Alipoinua kichwa, Khavere alikuwa ameshatoka na kadi.

Patrobas naye akaenda mjengo. Triza alikwenda shule. Mourine akabaki peke yake.

Jirani yao mlango wa pili aliitwa Batulo. Wapangaji wote wa ploti walimwita Mama Jama, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Jama aliuza vitambaa. Pia alikuwa amesomea usaidizi wa sheria. Watu walimletea matatizo yao ya kodi, ya ndoa na ya kazi. Aliwasaidia bila kuringa.

Asubuhi ile alimsikia Mourine akitapika, akabisha hodi.

"Mama Triza, huu si ugonjwa wa kulalia. Simama. Nishike bega."

Walikwenda kliniki polepole. Daktari alimpima Mourine, akampa dawa na maji ya kurudisha nguvu.

"Unafanya kazi gani, mama?" aliuliza.

"Nafunga biskuti kiwandani."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Basi nisikilize vizuri. Mtu anayehara asiguse chakula cha wengine. Hata ukipona, ngoja siku mbili nzima baada ya kuhara kukoma. Ukirudi kabla ya hapo, unaweza kuwaambukiza watu ambao hutawaona maishani. Nawa mikono kwa sabuni kila ukitoka chooni."

Aliandika barua ya mapumziko ya siku tatu. Aliweka tarehe, saa na muhuri. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Kabla ya saa sita mchana, Khavere alirudi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji. Macho yalikuwa mekundu.

"Wifi, nisamehe," alisema. "Mkanda ulikuwa unakimbia. Nilishika pakiti vibaya. Mashine ikanikata kidole."

"Mungu wangu! Wamekutibu?"

"Wameniosha na kunifunga. Halafu wameniandika kwenye kitabu cha ajali." Alitoa karatasi mfukoni. "Lakini hawajaniandika mimi. Wamekuandika wewe."

Mama Jama alikuwa bado pale, akimpikia Mourine uji mwepesi. Aliichukua karatasi ile. Akaiweka mezani kando ya barua ya daktari. Alizisoma mara mbili.

"Haya," alisema. "Leo saa mbili na nusu, Mourine alikuwa kliniki akitapika. Na leo saa mbili na nusu, Mourine alikuwa kiwandani akikatwa kidole. Kuna Mourine wawili, na wote wana muhuri."

Hapo simu ya Mourine ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Makau.

"Madam Nyawira wa ofisi ya wafanyakazi anataka kukuona kesho saa tatu. Uje na huo mkono."

Mourine aliketi kitandani. Hakuhara wala kutapika, lakini aliumwa zaidi kuliko asubuhi. Miezi minane ya kazi ilikuwa imening'inia kwenye karatasi mbili.

Jioni Patrobas alirudi akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Alipewa habari. Alifikiri kwa muda mfupi sana.

"Hili ni jambo dogo," alisema. "Tumfunge Mourine kidole."

"Nini?" Mama Jama aliuliza.

"Tumfunge bendeji. Kesho aende nayo. Nani atafungua?"

"Nesi wa kiwanda atafungua! Atabadilisha bendeji, akute kidole kizima kama cha mtoto mchanga. Utamwambia kimepona kwa maombi?"

Khavere alicheka huku machozi yakimtoka. Hata Mourine alitabasamu kidogo.

"Baba Triza," Mama Jama alisema kwa upole, "nia yako ilikuwa kuokoa kazi ya mkeo. Naijua. Lakini umemtoa mgonjwa ukamweka mwongo. Mgonjwa ana haki. Mwongo hana. Na huyu dada yako je? Kidole chake kikiharibika, atadai fidia kwa jina gani? Kwenye kitabu, Khavere hakuwahi kuwa pale."

Patrobas aliutazama mkono wa dada yake.

"Kwani mimi kibarua nina haki gani?" Mourine aliuliza.

"Umefanya kazi miezi minane mfululizo, mahali pamoja. Wakikuita kibarua ni mdomo wao tu. Sheria ya Ajira inakulinda. Mfanyakazi akitimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja, ana haki ya kuugua bila kufutwa. Kila mwaka anapata angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili. Akizidi kuugua, anapata siku saba nyingine kwa nusu ya malipo. Anatakiwa kufanya mambo mawili. Alete barua ya daktari. Na amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hatakuja, na kwa nini."

"Amjulishe vipi?"

"Sheria haijasema vipi. Anaweza kujulisha mwenyewe, au kupitia mtu mwingine. Haijasema lazima asimame getini akitapika. Wewe asubuhi ulifanya nini?"

"Nilituma ujumbe."

"Na Makau alijibu?"

"Alijibu."

"Basi alijua. Usifute ujumbe huo. Lakini wewe ulikosea ulipomwachia mtu kadi. Kosa lako utalisema wewe mwenyewe, kabla hawajaligundua. Na kesho hutakwenda, kwa sababu daktari amekupumzisha. Andika sasa. Usimwandikie Makau. Mwandikie Madam Nyawira."

Namba ya ofisi ilikuwa nyuma ya kadi. Mourine aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe ujumbe ukawa hivi:

"Habari Madam. Ni Mourine, kadi 118. Mimi ni mgonjwa wa tumbo tangu leo. Daktari amenipa siku tatu. Picha ya barua yake ninakutumia. Aliyeumia leo si mimi. Ni wifi yangu Khavere, alishika kadi yangu. Nilikosea. Ijumaa nitakuja naye nieleze. Ninaomba nije na jirani yangu, msaidizi wa sheria."

Kidole chake kilisimama juu ya simu.

"Nikituma hii, kazi imeisha," alisema.

"Usipoituma, kesho watakuita mwongo," Mama Jama alimjibu. "Chagua."

Mourine alituma.

Dakika zikapita. Patrobas alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, chumba cha hatua nne. Halafu simu ikatetemeka.

"Nimepokea. Pona kwanza. Njoo Ijumaa saa tatu. Aliyeumia aende kliniki kesho, asingoje."

Ijumaa walikwenda watatu: Mourine, Khavere na Mama Jama. Madam Nyawira alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Makau alikuwa amesimama kando yake, mikono kifuani.

"Bwana Makau, anza," Nyawira alisema.

"Mimi nina neno moja, Madam. Hawa watu wanadanganya. Ndiyo maana nataka kuwaona. Tukiruhusu ugonjwa wa meseji, kila Jumatatu laini itakuwa tupu. Wote watakuwa na tumbo. Jumapili wanakula harusi, Jumatatu wanatuma meseji!"

"Mourine?"

Mourine alisimama. Sauti ilianza chini, kisha ikapanda.

"Madam, kosa langu nimeliandika. Nilikubali mtu aingie kwa jina langu, na mtu huyo ameumia. Hilo linaniuma. Lakini mimi sikukimbilia kadi. Nilianza kwa kusema ukweli. Saa kumi na moja na robo nilituma ujumbe. Ulikuwa ukweli mtupu. Nikajibiwa nije getini nionekane. Nionekane nikifanya nini? Nikitapika mlango wa chakula? Kama ningefika, ningesukumwa ndani, nishike biskuti kwa mikono hii. Kuna mtoto mahali angeila biskuti hiyo. Bwana Makau, una watoto?"

"Nina watatu," Makau alisema.

"Wanakula biskuti zetu?"

Makau alitazama sakafu.

Nyawira aliisoma simu ya Mourine. Aliutazama ujumbe, saa na jibu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Leo kwenye laini yako ya nne, ni kadi ngapi zimeshikwa na watu wengine?"

"Hakuna, Madam," Makau alisema. "Mimi nawajua watu wangu kwa sura."

"Twende tukaone."

Alichukua orodha ya asubuhi. Walisimama mwanzo wa laini. Mkanda ulikuwa ukikimbia, na wanawake kumi na wawili walikuwa wameinama juu ya biskuti, vichwa vimefungwa kofia nyeupe, midomo imefunikwa. Yalionekana macho tu. Nyawira aliita jina la kwanza kwa sauti. Mwanamke mmoja akageuka. Akaita la pili, mwingine akageuka. Akaita la tano. Hakuna aliyegeuka. Akaliita tena. Mwanamke wa mwisho alishtuka, akainua mkono amechelewa, kama mtu aliyekumbushwa jina lake. Ikawa vilevile kwa jina la nane. Na la kumi na moja.

"Watatu," Nyawira alisema. "Watatu kati ya kumi na wawili. Sijui ni nani. Sijui kama wana vyeti vya afya vya kugusa chakula. Mashine ikiwakata, sitajua nimpigie nani simu. Bwana Makau, ulitaka kuona wagonjwa wote. Hata wazima huwaoni."

Makau alivua kofia yake.

Walirudi ofisini. Nyawira aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma.

"Mourine, utapata barua ya onyo kwa kutoa kadi. Ukirudia, utaondoka. Lakini kazi yako ipo. Siku zako tatu ni siku za ugonjwa, na utalipwa zote. Khavere, jina lako halisi litaandikwa kwenye kitabu cha ajali leo, mbele yako. Umeumia ndani ya geti letu. Matibabu ya kidole hicho ni yetu."

"Na wale watatu?" Mama Jama aliuliza.

"Leo nitawarudisha nyumbani kwa amani. Kuanzia Jumatatu hakuna msamaha. Lakini siwezi kufunga mlango wa nyuma bila kufungua wa mbele. Mgonjwa atatuma ujumbe kwa namba ya ofisi, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ataandika jina, namba ya kadi, tatizo lake, na lini anatarajia kurudi. Asipopata jibu, apige simu. Asiye na salio atume mtu. Akirudi, aje na barua ya daktari. Tutajaribu utaratibu huu miezi miwili. Mkiutumia kudanganya, naufuta."

"Jumatatu mtaona," Makau alinong'ona.

Jumatatu ilifika. Makau aliwahi ofisini, akaketi karibu na simu kama mtu anayelinda kuku. Alikuwa na karatasi ya kuandika majina. Alikuwa amechora mistari ishirini.

Saa kumi na mbili ilipopiga, ujumbe ulikuwa umekuja mara mbili. Mmoja ulitoka kwa mama mwenye malaria. Mwingine ulitoka kwa dada aliyeungua mkono kwa chai. Makau aliitikisa simu kidogo, akidhani imekwama. Halafu akatoka getini. Vibarua waliokuwa wakingoja kazi walikuwa pale, na vyeti vya afya mikononi. Aliwachagua wawili, akaandika majina yao halisi, akawaingiza. Laini ya nne ilianza saa moja kamili, bila pengo.

"Kumbe nikijua mapema, napanga mapema," alimwambia Mourine, kama mtu aliyevumbua jambo.

"Ndiyo, Bwana Makau," Mourine alisema, akaendelea kufunga.

Kidole cha Khavere kilipona, kikabaki na alama ndogo. Wiki tano baadaye kulikuwa na habari nyingine njema. Wageni walikuwa wanakuja nyumbani kwao Kakamega Jumamosi kumposa Khavere. Familia yote ilitakiwa kuwepo.

Patrobas alikuwa na mpango, kama kawaida.

"Mama Triza, siku hizi mambo ni rahisi. Jumamosi asubuhi tuma meseji tu. Sema una tumbo."

Mourine aliweka kikombe chini.

"Siwezi."

"Meseji moja tu! Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Patrobas, siku moja kuna mwanamke ataamka na mtoto tumboni na damu ikimtoka. Atatuma ujumbe. Nataka Makau auamini mara moja, asiulize chochote. Ataamini kwa sababu sisi wengine hatukumdanganya. Nikimdanganya mimi, yule mama ndiye atakayelipa."

"Sasa hutakuja kwa posa ya wifi yako?"

"Nani amesema?"

Alichukua simu. Ilikuwa Jumanne tu. Aliandika mbele ya mumewe, neno kwa neno, bila haraka.

"Habari Madam. Ni Mourine, kadi 118. Mimi ni mzima. Jumamosi wifi yangu Khavere anaposwa nyumbani Kakamega. Ninaomba ruhusa ya siku hiyo moja. Jumatatu nitakuwa kazini."

Patrobas alishika kichwa. "Umemwambia kila kitu! Atakataa."

Hawakungoja sana.

"Ruhusa umepata. Siku hiyo ya Jumamosi tutaikata kwenye likizo yako ya mwaka. Mpe Khavere pongezi zangu."

Patrobas aliichukua simu. Alisoma. Akasoma tena, safari hii midomo ikitembea. Kule mjengoni alikofanya kazi, yeye hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alipanga kutoweka Ijumaa jioni, kisha Jumatatu aje na hadithi ndefu ya mazishi.

Alikohoa. Akaketi kando ya mkewe.

"Mama Triza."

"Naam."

"Hebu nisaidie kuandika meseji kwa fundi anayenisimamia. Tunaanzaje?"

"Tunaanza na jina lako," Mourine alisema, akampa simu.